Marehemu Enos Mulama na Teke la Pointi Moja

Wasifu huu umeandikwa na familia na kusomwa na mdogo wa marehemu, Levi Mulama, katika ibada ya kumuaga iliyofanyika Ruwi, Maskati, Jumamosi tarehe 15 Novemba 2025. Utasomwa tena nyumbani Shinyalu siku ya mazishi.

Ndugu yetu tunayemuaga leo, Enos Shikanga Mulama, alizaliwa tarehe 9 Machi 1970 huko Shinyalu, Kakamega, nchini Kenya. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watano wa marehemu Mzee Zablon Mulama na Mama Rispah Khasandi. Mama husimulia kwamba tangu alipojua kusimama, Enos hakuweza kupita kitu cha mviringo bila kukipiga teke. Siku moja alilipasua boga la jirani likiwa bado shambani, na Mzee Zablon akamlazimisha abebe vipande vyake hadi kwa mwenyewe na kuomba radhi. Jirani alivipika vile vipande, akamlisha, na kesho yake Enos akarudi kuuliza kama kuna boga jingine. Hivyo ndivyo alivyokuwa. Ukimkaripia na kumlisha siku moja, alichokumbuka ni chakula.

Alianza masomo ya msingi hapo hapo Shinyalu mwaka 1977, na mwaka 1986 akajiunga na shule ya upili ya bweni mjini Kakamega. Vitabu alivisoma kwa adabu, lakini moyo wake ulikuwa kwenye raga. Hakuwa na mwili wa kuangusha watu. Kazi yake ilikuwa kupiga mateke ya kuongeza pointi. Wasiojua raga wavumilie kidogo, maana maisha ya marehemu hayaelezeki bila jambo hili. Katika raga, timu ikifunga, yaani ikiuweka mpira chini ng'ambo ya mstari wa mwisho, hupewa teke la ziada, na teke hilo lazima lipigwe kwa kufuata mstari wa pale mpira ulipowekwa chini. Ukiwekwa katikati, teke ni jepesi. Ukiwekwa kando kabisa, karibu na kona, mpigaji huziona zile nguzo mbili za goli zimebanana kama mlango uliorudishwa. Enos aliyapenda yale ya kona. Alimaliza kidato cha nne mwaka 1989 na matokeo ambayo hakuwahi kuyaficha wala kuyatangaza, kisha akasomea uchomeleaji vyuma Kisumu hadi mwaka 1992.

Alifanya kazi kwenye vibanda vya jua kali Kisumu, baadaye katika eneo la viwanda Nairobi, na mwezi Machi 2003 akasafiri kuja Maskati kwa kazi katika karakana moja ya mtaa wa Wattaya. Hapo alidumu hadi mwisho wa nguvu zake, kwanza kama fundi, na kuanzia mwaka 2012 kama msimamizi wa mafundi. Alitengeneza malango, vipaa vya kuegeshea magari na ngazi za nje. Aliyepata kupanda gari naye anajua adhabu yake: hata mkienda Maskati ya zamani kutembea tu, mkipita ile barabara ya baharini, hakutazama bahari wala kasri. Alitazama malango. "Lile ni langu," angesema, na kabla hujageuka, "na lile si langu, ona lilivyolegea." Mwaka 2009 alianguka kutoka kwenye ngazi akiwa kazini, na tangu siku hiyo goti lake la kushoto likakataa kukimbia. Kutembea lilikubali, na kusimama juu yake lilikubali.

Ni lango pia lililomletea mke. Mwaka 2005 alitumwa kurekebisha lango la nyumba ya Bi Nasriya, mama wa Kiomani aliyezaliwa Unguja na ambaye Kiswahili chake cha Unguja hakijaguswa na miaka yote aliyoishi huku. Katika nyumba hiyo alikuwepo Peninah Achieng kutoka Ahero, aliyekuwa akimtunza mama mzazi wa Bi Nasriya. Kazi ilikuwa ya siku moja. Enos aliifanya kwa wiki tatu. Hatimaye Bi Nasriya akatoka nje, akasimama kivulini, akamwita.

"Fundi, lango hili lina maradhi gani? Nnaliona kila siku latibiwa, na halipoi."

"Ni bawaba, Mama. Bawaba ndizo zinasumbua."

"Na bawaba hizo husumbua wakati wa chai tu?"

Enos aliinamia bawaba zake, na Peninah, aliyekuwa ameshika sinia, alirudi ndani bila kumimina. Mahari ilipelekwa Ahero mwezi Desemba 2006. Harusi ilifungwa kanisani Kakamega tarehe 14 Aprili 2007, na Bi Nasriya akatuma halua nyingi kiasi kwamba wajomba walibeba nyingine mfukoni. Mungu aliwajalia watoto wawili, Phyllis mwaka 2008 na Zablon mwaka 2011. Peninah alikaa nyumbani kuwalea hadi mwaka 2013, akawaacha kwa Mama Rispah na kurudi Maskati kwa Bi Nasriya. Enos na Peninah walizungumza na watoto hao kila jioni kwa simu, na hakuna jioni waliyoiona kuwa ndefu ya kutosha.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wengi mliokaa hapa ndilo mnalomjulia Enos. Mwaka 2010 Jaifar, mwana wa Bi Nasriya, alirudi kutoka masomoni Marekani akiwa na shahada ya uhandisi na mpira uliochongoka pande zote mbili. Ulikuwa mpira wa futiboli ya Kimarekani. Katika mchezo huo, timu ikivusha mpira mstari wa mwisho hupata pointi sita, kisha hupewa teke moja la kupitisha mpira juu ya mwamba, kati ya nguzo mbili, kwa pointi moja zaidi. Jaifar aliwakusanya watu Ijumaa asubuhi kwenye kiwanja cha changarawe nyuma ya maduka ya magari, Wattaya. Kwa kuwa kuangushana kwenye changarawe ni wazimu, kila mchezaji alichomeka vitambaa viwili kiunoni, na ukinyofolewa kimoja umekamatwa. Nguzo alizichomelea Enos. Timu zilikuwa tatu: ya Wattaya, ya mtaa wa Ghala, na ya Jaifar na wenzake wa ofisini. Mchezo uliisha mapema ili Wakristo wawahi kanisani Ruwi, maana huku Ijumaa ndiyo siku ya mapumziko na ya ibada yetu, na Waislamu wawahi sala ya Ijumaa.

Siku ya kwanza timu ya Wattaya ilipofunga, kule kando karibu na kona, Jaifar aliwaambia kwamba sasa kuna teke. Enos akasema, "Hiyo naijua mimi." Akauchukua mpira, akarudi nao moja kwa moja kwa kufuata mstari wa pale ulipovushiwa, kama alivyofundishwa kwenye raga Kakamega. Akauweka juu ya kichuguu cha changarawe, akapiga hatua mbili, maana goti halikuruhusu ya tatu, na mpira ukapita katikati ya nguzo. Jaifar alitazama akaihesabu pointi. Alikuwa ameketi kwenye viwanja vya Marekani miaka minne, lakini wakati wa lile teke yeye alikuwa na kawaida ya kuinuka kwenda kununua chakula. Basi akaamini kwamba mafundi wa Kenya wanajua kuliko yeye, na mafundi wa Kenya wakaamini kwamba mtu aliyesoma Marekani asingewaacha wakosee. Kosa likakaa hapo raha mustarehe, pande zote zikiheshimiana.

Kwa miaka karibu minne kiwanja cha Wattaya kikawa, kwa tunavyojua, mahali pekee duniani ambapo futiboli ya Kimarekani ilichezwa kwa teke la raga. Na lilikuwa teke gumu. Wachezaji walibishana kwa Kiswahili cha bara, cha Unguja, kwa Kiarabu na kwa ishara za mikono tangu mwanzo hadi mwisho, lakini Enos alipokuwa akiuweka mpira kwenye changarawe walinyamaza wote. Jaifar angetangaza kwa sauti, "Anapiga Enos Mulama," kama alivyosikia watangazaji wakifanya. Kisha zile hatua mbili. Alipopata walimshika mabega, na alipokosa walimshika mabega vilevile. Peninah, tangu aliporudi mwaka 2013, alikuja kila Ijumaa na themosi mbili za chai ya maziwa na kusimama pale pembeni. Zilikuwa asubuhi nzuri sana, na familia inajua kwamba wengi wenu mkizikumbuka hamkumbuki nani alishinda.

Mwezi Januari 2014 Jaifar alikuja na habari kwenye simu yake. Kule Marekani, ligi ya kulipwa ilikuwa inafikiria kuliondoa lile teke. Pendekezo lilikuwa timu ikivusha mpira ipewe pointi saba moja kwa moja, na anayetaka ya nane ajaribu tena kuvusha, akishindwa apunguziwe moja. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba teke lenyewe karibu halikosewi kabisa, kwa hiyo ni kupoteza wakati wa watu.

"Halikosewi?" Enos aliuliza. "Hao wanapiga kutoka wapi?"

Fidel, kijana wa Kisumu anayefanya kazi ya kupeleka vifurushi kwa pikipiki, na mwenye mbio kuliko wote, akatafuta picha kwenye simu. Wakainama juu yake. Wakaona mpigaji wa Marekani amesimama katikati kabisa, mbele ya nguzo, karibu nazo, anapiga mpira kama mtu anayefunga mlango wa jikoni. Wakatafuta nyingine. Katikati tena. Wakatafuta aliyefunga kwenye kona. Yeye pia akaletewa mpira katikati.

"Mzee," Fidel akasema, "hawa watu wanapigia mlangoni. Sisi tumekuwa tukijitesa bure."

Wote wakamgeukia Jaifar. Jaifar akakuna shingo. "Wallahi, wakati huo mie nlikuwa nakwenda kununua chakula. Watu wote huenda."

Walicheka hadi wengine wakakaa chini, na Enos alicheka pia. Lakini aliporudi nyumbani siku hiyo hakula. Sheria ya kiwanja cha Wattaya ilikuwa kwamba wanafuata Marekani. Kila mwisho wa Septemba, kabla ya msimu, walikaa kwenye mikeka, Jaifar akawasomea mabadiliko ya sheria za kule, na wakainua mikono kuyapokea. Hawakuwahi kukataa hata moja. Enos alikuwa na miaka arobaini na mitatu, goti lake halikimbii, na katika mchezo mzima alikuwa na kazi moja tu. Alimpigia simu mdogo wake Levi, aliyekuwa akifanya kazi Sohar, mji mwingine wa Omani, akamwambia, "Wakiliondoa teke, mimi nitaenda pale kufanya nini? Kuwashikia viatu?" Levi, ambaye aliuona mchezo wote kuwa upuuzi wa watu wazima, alimwambia alale apumzike siku ya Ijumaa kama binadamu wengine. Enos akasema sawa, akabadilisha mazungumzo.

Kikao cha msimu ule kilifanyika Ijumaa tarehe 26 Septemba 2014. Marekani ilikuwa bado haijaamua, lakini Jaifar alitaka Wattaya itangulie. Aliongea vizuri, kwa heshima, bila kumtazama Enos. Alisema mchezo unachelewa, watu wanafika kanisani nyimbo zimeshaimbwa na msikitini khutba imeshaanza, na dakika zinazopotea ni za mateke.

Peninah alikuwa akimimina chai. Hakuwa mwanachama wala hakuombwa neno. "Kinachowachelewesha si teke," alisema. "Ni nyinyi kubishana. Teke ndiyo wakati pekee mnafunga midomo."

Wakacheka, kisha wakaacha kucheka. Jaifar akamuuliza Enos ana maoni gani. Enos akasema yeye ana faida yake katika jambo hili, kwa hiyo si haki aseme, na atakubali watakaloamua. Hapo Fidel akainua mkono. Kila mtu alijua atakachosema, maana ni yeye aliyekuwa akilalamika kwamba anafunga halafu anasubiri.

"Mimi naona hivi," Fidel akasema. "Ya Amerika tuwaachie Amerika. Kule kazini naambiwa haraka, haraka, yalla, yalla, wiki nzima. Hapa nikishafunga, tunasimama sote pamoja tunamwangalia mzee. Hiyo kitu sijaipata mahali pengine. Teke libaki, na lipigwe vile tunapiga sisi. Vibaya hivyo hivyo."

Mikono ikainuka. Jaifar akainua wake wa mwisho, akisema hawezi kushindana na umma. Enos alikunywa chai yake akiwa ameinamisha kichwa, na Peninah akamwongezea kabla haijaisha ili asilazimike kuinua uso.

Mwezi Mei 2015 wenye timu za Marekani walipiga kura yao. Hawakuliondoa teke, walilisogeza nyuma ili liwe gumu zaidi. Enos aliipokea habari hiyo kwa majivuno yasiyo na mpaka. Aliwaambia watu karakanani, kanisani na kwa kinyozi kwamba Marekani imeanza kuja upande wa Wattaya, na kwamba muda si mrefu watafika kwenye kona. Hadi mwaka jana alikuwa bado akiwasubiri.

Sasa familia inaomba iseme ukweli kuhusu ugonjwa wake. Mwaka 2019 Enos aligunduliwa kuwa na kisukari. Alimeza dawa zake na kupunguza sukari kwenye chai, ingawa si kwa kiwango alichomwambia daktari. Mwishoni mwa mwaka 2023 cheche ya moto ilipenya kiatu chake cha kazi ikamchoma mguu wa kulia, naye akaficha kidonda. Aliwaficha Peninah, Levi, na wenzake kazini. Alijua kwamba akikionyesha atakatazwa Ijumaa, na mguu wa kulia ndio uliokuwa ukipiga. Alipiga mateke Januari nzima akiwa na kidonda ndani ya soksi. Tumemkasirikia kwa jambo hilo, na leo bado tumekasirika kidogo, lakini hatuwezi kusema hatumwelewi. Tarehe 20 Februari 2024 madaktari walilazimika kuukata mguu huo juu ya kifundo ili kuyaokoa maisha yake.

Baada ya hapo hakutaka kuonekana. Ijumaa ilipofika alimwambia Peninah, "Chai ipelekwe," na yeye akabaki kitandani ameuelekea ukuta. Peninah alipeleka chai. Aliporudi hakusimulia kitu, na yeye hakuuliza. Ilichukua wiki nyingi kabla hajauliza nani sasa anapiga mateke.

"Hakuna," Peninah akamwambia. "Wakifunga wanahesabu sita, wanaendelea. Fidel amesema hawezi kusimama mahali pako. Na wengine wamesema hivyo hivyo."

Walidhani wanamheshimu. Enos akaketi kitandani, jambo ambalo hakuwa akilifanya bila kusaidiwa. "Yaani wamefanya kile Marekani ilichoshindwa," alisema. "Na wamekifanya kwa ajili yangu." Peninah anasema ilikuwa mara ya kwanza tangu hospitali kumsikia akiwa na hasira, na kwamba alifurahi sana kuisikia.

Ijumaa tarehe 27 Septemba 2024, kwenye kikao cha sheria, Jaifar alimteremsha Enos kutoka kwenye gari kwa kiti cha magurudumu, na changarawe zikakataa magurudumu, hivyo wakambeba na kiti chake. Aliomba kusema kabla ya habari za Marekani. Waliokuwepo wanayakumbuka maneno yake, na tumeyaandika kama walivyotusimulia.

"Mwaka ule mlipoinua mikono," alisema, "mimi nilikuwa nimeshaamua moyoni kwamba nikishindwa sirudi tena. Sikuwaambia. Wiki nzima mimi niliitwa tu: rafiki, njoo; fundi, shuka; rafiki, maliza. Ijumaa ndiyo siku niliyokuwa nikiitwa Enos Mulama, na watu wakanyamaza wakinitazama nikifanya jambo. Nilifikiri ni kwa sababu najua kupiga. Nimelala pale nyumbani nikaona si hivyo, kwa maana nimekosa mateke mengi na hamkuacha kuniita."

Kisha akatoa pendekezo lake. Teke lirudishwe, na lisiwe la mtu mmoja. Lipigwe na mtu aliyekuja siku hiyo na bado hajagusa mpira, awe mgonjwa, awe mgeni aliyefika nchini juzi, awe mzito wa mbio. Aitwe kwa jina lake kamili, wote wanyamaze, apige.

Fidel akauliza, "Na kama hajui kupiga?"

"Ndiyo maana ni pointi moja tu," Enos akasema.

Mikono yote iliinuka. Msimu ulipoanza Oktoba, Ijumaa ya kwanza, Fidel alifunga karibu na kona, kisha wakaanza kutazamana kumtafuta ambaye hajagusa mpira. Wote walikuwa wamegusa, hata Enos kwenye kiti chake, aliyepewa kurusha mpira wa kuanzia. Ni Jaifar aliyegeuka na kumwona Peninah na themosi zake. Mtu mmoja akasema Peninah si mchezaji. Jaifar akasema, "Sharia haikusema mchezaji. Imesema aliyekuja." Na akatangaza, "Anapiga Peninah Achieng." Enos, aliyeitunga sheria hiyo mwenyewe, hakuwa amefikiria kamwe kwamba inamhusu mke wake, aliyekuja kila Ijumaa kwa miaka kumi na moja. Peninah alifunga kitenge vizuri, akavua ndala, akapiga. Mpira ulipita chini ya mwamba, hata haukuinuka. Walimshika mabega, waliothubutu, na wengine wakampigia makofi. Ndani ya gari wakirudi, Enos alimwambia, "Miaka yote hii nilidhani unakuja kunitazama."

"Nilikuwa nakuja kukutazama," Peninah akasema. "Lakini ningeitwa mapema, saa hizi ningekuwa nimejua kupiga."

Msimu huo aliitwa mlinzi wa duka moja la magari aliyekuwa akitazama mchezo kwa miezi mingi kupitia uzio bila kusema neno na mtu. Aliitwa mpishi kutoka Ghala aliyekuwa amefiwa na mama yake wiki ile. Bi Nasriya, aliyefika siku moja kuleta vitumbua, aliitwa pia, akasema miguu yake imeshastaafu, akausukuma mpira kwa bakora yake na kudai apewe pointi. Enos alikaa pembeni kwenye kiti chake, akiwafundisha wapigaji mahali pa kuweka mguu wa kusimamia, na karibu hakuna aliyemsikiliza.

Mwezi Juni mwaka huu figo zake zilianza kushindwa. Alisafishwa damu mara kwa mara katika hospitali ya serikali hapa Maskati, na familia inawashukuru wauguzi waliomzoea hadi wakamtania. Oktoba hakuweza tena kutoka. Phyllis na Zablon waliongea naye kila jioni, na Zablon alimwonyesha kwenye simu teke alilolipiga shuleni. Enos akamwambia aurudishe mguu wa kushoto nyuma kidogo. Alifariki siku ya Alhamisi tarehe 6 Novemba 2025, alasiri, Peninah akiwa ameshika mkono wake, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitano.

Levi alifika kutoka Sohar usiku huo. Asubuhi, Jaifar alipiga simu kusema mchezo umeahirishwa, na Peninah akamjibu kwamba wacheze, kwa sababu ameshapika chai na hajui aipeleke wapi. Levi alimwendesha hadi Wattaya. Katika miaka yote aliyoishi Omani hakuwa amekanyaga kiwanja kile hata mara moja. Alisimama pembeni na viatu vyake vya kanisani, bila kujua aweke wapi mikono. Timu ya Wattaya ilifunga. Fidel akauchukua mpira, akarudi nao kwa kufuata mstari, akauweka kwenye changarawe, akamtazama Levi. Jaifar alianza kutangaza, akageuka akaziangalia nguzo, hivyo ni Fidel aliyesema: "Anapiga Levi Mulama."

Wote wakanyamaza. Levi hakumbuki mpira ulikwenda wapi, na hakuna aliyemwambia. Anakumbuka kwamba watu wazima, ambao wengine hakuwajua hata kwa sura, walisimama wakimngojea yeye. Alikuwa amemwambia kaka yake alale apumzike kama binadamu wengine. Alipiga, akakaa chini pale pale kwenye changarawe, akalia kwa mara ya kwanza tangu alipopokea habari.

Marehemu ameacha mjane, Peninah Achieng; watoto, Phyllis Khasandi na Zablon Mulama; mama mzazi, Rispah Khasandi; ndugu wanne, akiwemo Levi; wakwe zake wa Ahero; Bi Nasriya na nyumba yake yote; mafundi wa karakana ya Wattaya; na watu wengi waliofika kiwanjani Ijumaa wakidhani hawataitwa.

Bwana alimleta kwetu, Bwana amemchukua, na tunamrudisha kwake kwa jina lake lote. Enos Shikanga Mulama, pumzika kwa amani.